Hifadhi ya bayosfia ni kitu gani hasa? Tuangalie msitu wa Petén kule mpakani Guatemala

Neno "hifadhi" linatuponza kidogo hapa. Mtu akilisikia anawaza geti, askari mwenye bunduki, bango la marufuku kuingia na wanakijiji wanaofungashwa virago. Sasa hifadhi ya bayosfia sio hivyo, yaani sehemu yake moja ndo iko hivyo ila kwingine kote watu wanaishi humohumo, wanalima, wanakata mbao, wana shule na maduka, na hawajavunja sheria yoyote kwa sababu mpango wenyewe uliandikwa wao wakiwa wamehesabiwa ndani. Usipolishika hilo habari zote za bayosfia utazisoma kichwa chini miguu juu.

Tuanze na neno lenyewe. Bayosfia ni lile tabaka la dunia lenye uhai, udongo, maji, hewa na kila kinachoishi humo, binadamu akiwemo. Hayo maneno mawili ya mwisho ndo yamebeba kila kitu. UNESCO walianzisha programu yao ya Binadamu na Bayosfia mwaka 1971, hifadhi za kwanza zikatangazwa 1976, na leo ziko zaidi ya 700 duniani. Miaka ya mwanzo zilikuwa zaidi viwanja vya wanasayansi, mtu anaenda kupima mvua na kuhesabu ndege basi kaondoka, mwananchi wa pale hata hajui anaishi ndani ya kitu chenye jina kubwa hivyo. Mwaka 1995 kwenye mkutano wa Sevilla kule Hispania ndo kanuni zikaandikwa upya, ikasemwa kila hifadhi iwe na kazi tatu kwa pamoja: ilinde viumbe na mandhari, iwape watu uchumi usiomaliza mali asili, na iwe darasa la utafiti.

Ili kazi hizo zisigombane ardhi inagawanywa zoni. Wengi wanaichora kama yai. Katikati kuna kiini, hicho kinalindwa na sheria ya nchi, hukati wala hulimi. Kukizunguka kuna ukanda wa kinga, shughuli nyepesi zisizoumiza kiini zinaruhusiwa. Nje kabisa ni zoni ya mpito, huko ni vijiji, mashamba, hata miji. Mchoro mzuri sana ule, kwenye karatasi.

Kabla hatujaenda mbali, kuna uvumi wa kuuondoa: UNESCO haichukui ardhi ya mtu. Haileti askari, haileti bajeti ya kuendesha, ardhi inabaki ya nchi na sheria ni za nchi. Watu wanaichanganya na Urithi wa Dunia, ule una mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 ambao nchi zimesaini, ila bayosfia haina mkataba wowote, nchi inaomba yenyewe, inapeleka ramani na mpango, inakubaliwa, alafu kila baada ya miaka 10 inatakiwa kueleza imefikia wapi. Ikichoka inajitoa tu, Marekani mwaka 2017 ilitoa maeneo yake 17 kwa mpigo mmoja na hakuna mahakama iliyoitwa. Kwa hiyo jina la bayosfia peke yake halizuii hata shoka moja, nguvu yote inatoka kwa waliopo pale chini.

Sasa twende Petén. Huu ni mkoa wa kaskazini kabisa wa Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati, mkubwa karibu theluthi ya nchi nzima, msitu wa joto uliopakana na Mexico upande wa magharibi na kaskazini na Belize upande wa mashariki. Ndani yake kuna magofu ya Wamaya yaliyozagaa kila mahali, Tikal ndo maarufu zaidi, kuna majagua (wale chui wakubwa wa Amerika), kuna kasuku wale wakubwa wekundu. Miaka ya 1980 zikatoka picha za setilaiti za mpaka wa Guatemala na Mexico, na ule mpaka ulikuwa unaonekana kutoka angani kama umepigwa rula: upande wa Mexico msitu umefyekwa kuwa mashamba na malisho, upande wa Guatemala bado kijani. Haikuwa kwamba Guatemala walikuwa na mapenzi zaidi na miti, nchi ilikuwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoanza 1960 na kuisha 1996, na Petén ilikuwa mbali na barabara. Ila barabara zilishaanza kuingia, na aliyeiona ile picha alijua upande wa pili ndo kesho yao.

Mwaka 1990 bunge likapitisha sheria namba 5-90 na Hifadhi ya Bayosfia ya Maya ikazaliwa, hekta kama milioni 2.1, karibu sehemu moja ya tano ya Guatemala yote. Ikakabidhiwa CONAP, baraza la taifa la maeneo ya hifadhi, ambalo lenyewe lilikuwa limeundwa mwaka mmoja tu nyuma! Hebu fikiria, ofisi changa namna hiyo inapewa msitu wa ukubwa huo ambao ndani yake tayari kuna watu, kuna wakata mbao, kuna wafugaji, na vita bado haijaisha. Hela za kuanzia kwa sehemu kubwa zilitoka kwa wafadhili, USAID wakiwa mbele, sio UNESCO.

Na lile yai? Kule Petén halikukaa kama yai. Huwezi kuzungushia ukanda wa kinga msitu ambao pande tatu zake ni nchi nyingine, kinga ya Guatemala inaishia pale nchi inapoishia. Kwa hiyo ukanda wa kinga ukawa ni mshipi tu wa upana wa kilomita 15 hivi unaokatiza upande wa kusini, huko ndiko watu wanakotokea. Viini vikawa vingi badala ya kimoja, mbuga za taifa kama Tikal, Mirador-Río Azul, Laguna del Tigre na Sierra del Lacandón. Alafu katikati, kati ya viini na mshipi, wakaweka zoni ya matumizi mchanganyiko, karibu asilimia 40 ya hifadhi yote. Hii ndo ya kuikodolea macho.

Mwanzoni watu wa zoni hiyo walikasirika, na mimi siwalaumu. Waliingia msituni vizazi vilivyopita wakifuata chicle, ule utomvu wa mti wa chicozapote uliokuwa ukitengenezea chingamu, na kijiji kama Uaxactún kilikua hivyo, nyumba zimejipanga pande mbili za kiwanja cha zamani cha ndege kwa sababu utomvu ulikuwa unabebwa kwa ndege enzi hizo. Ghafla anakuja mtu na ramani anakwambia unapoishi sasa ni hifadhi. Walipinga, wakajipanga, na kuanzia 1994 serikali ikaanza kutoa kitu wanachokiita konsesheni ya jamii: mkataba wa miaka 25, ardhi inabaki ya serikali, kikundi cha wanajamii kilichosajiliwa kinapewa haki ya kuvuna msitu kwa mpango ulioidhinishwa, na ndani ya miaka mitatu lazima kiwe na cheti cha FSC, kile cha uvunaji unaofuata viwango. Mpaka 2002 jamii 12 zilikuwa zimepewa, na kampuni mbili za mbao nazo zikapata zao. Sio wote wanaishi ndani, Carmelita na Uaxactún wamo ndani ya msitu, wengine wanakaa nje kwenye mshipi wa kinga na kuingia kufanya kazi.

Uvunaji wenyewe uko hivi. Konsesheni inakatwa vipande, kila mwaka wanafungua kipande kimoja tu. Kabla ya msumeno kuwashwa wanapita mti kwa mti, wanapima unene, wanaupa namba, wanauweka kwenye ramani, huu mahogani umefikia saizi unakatwa mwaka huu, ule mnene mwenye mbegu nzuri unaachwa uzae, huyu mdogo tutaonana naye zamu ijayo. Zamu ijayo maana yake miaka 25 mpaka 40 mbele! Mtu wa umri wangu anayeupa mti namba leo kuna uwezekano mkubwa asiuone ukianguka. Kwa hekta wanatoa miti michache sana, ukipita baada ya mwaka unaweza usijue palivunwa isipokuwa ukute kisiki.

Na mbao sio zote. Kuna xate, majani ya mti mdogo jamii ya mitende unaoota kivulini, yanasafirishwa kwenda kwenye mashada ya maua na kwenye makanisa ya Marekani Jumapili ya Matawi. Zamani mkataji alilipwa kwa wingi, basi anafyeka kila jani analoliona, yenye madoa, yaliyochanika, yote gunia moja, na likifika kwenye kuchambua mengi yanatupwa. Walipobadilisha wakaanza kulipa kwa ubora, mkataji akawa anaacha majani mabovu juu ya mti, na kule ghalani wanakaa wanawake wengi wanageuza jani mojamoja, refu huku, fupi huku, lenye doa nje. Mti ukiachiwa majani unaendelea kuota. Kubadilisha tu namna ya kulipa kukafanya kazi ambayo ingehitaji kikosi cha walinzi.

Matokeo? Hapa wengi hushangaa. Kwa miaka yote hiyo konsesheni zinazofanya kazi zimepoteza msitu kidogo mno, wakati baadhi ya viini, vile ambavyo kwenye karatasi hakuna anayeruhusiwa kugusa kitu, vimeliwa vibaya. Laguna del Tigre ndo mfano unaouma, ni mbuga ya taifa ila ndani kulikuwa na visima vya mafuta ambavyo mkataba wake ulikuwa wa zamani kuliko hifadhi na uliisha 2025 tu, kwa visima kukaja barabara, kwa barabara wakaja watu wenye panga, na nyuma yao ng'ombe wa matajiri ambao ardhi hiyo wanaitumia pia kwa biashara za magendo karibu na mpaka. Walinzi wachache wa CONAP watamfanya nini mtu wa namna hiyo? Ila kwenye konsesheni mvamizi akiingia anagusa mfuko wa kijiji kizima, kwa hiyo wanapiga doria wenyewe, na kiangazi cha Machi mpaka Mei wanasafisha njia za kuzuia moto na kulala hukohuko wakilinda. Mwaka 1998 moto ulichoma sehemu kubwa ya Petén na hakuna aliyesahau.

Tusiwapake mafuta kupita kiasi lakini. Konsesheni sio uchawi. San Miguel na La Pasadita zilivunjika, wanachama wakauza maeneo chinichini kwa wafugaji, msitu ukawa malisho na mikataba ikafutwa. Hawa wengi walikuwa wakulima waliohamia kutoka mikoa mingine, historia ya kuishi na msitu hawakuwa nayo, na maeneo waliyopewa yalikuwa madogo na karibu na barabara. Hata zile zilizosimama zina ugomvi wake, hesabu za vikundi, nani kapewa kazi nani kanyimwa, na mwaka 2002 serikali ilitaka kulipanua eneo la magofu ya Mirador likameza sehemu ya konsesheni, jamii zikaenda mahakamani na mwaka 2005 wakashinda. Tangu 2019 mikataba imeanza kuongezwa miaka 25 mingine, na ukiniuliza mimi hilo ni kubwa kuliko cheti chochote cha ukutani, maana huwezi kumwambia mtu asubiri mti miaka 40 wakati mkataba wake unaisha baada ya miwili.

Kwa hiyo ukisikia nchi fulani inaandaa hifadhi ya bayosfia kwenye misitu yake ya mpakani, usianze kuuliza itakuwa na hekta ngapi. Uliza nani anaishi humo sasa hivi na amepewa nini kwenye ile zoni ya kati, na kwa muda gani. Uliza pia jirani anafanya nini, maana jagua haombi viza na moto haujui kusoma bikoni. Mexico wana Calakmul yao ng'ambo tu ya mpaka, hifadhi ya bayosfia tangu 1989, msitu uleule umekatwa na mstari wa wanasiasa. Kuna maeneo mengine duniani ambayo nchi mbili zimeamua kusajili hifadhi moja ya pamoja, Poland na Slovakia walifanya hivyo kwenye milima ya Tatra tangu 1992. Kwa msitu wa Maya mambo yamechelewa zaidi, Agosti 2025 ndo marais wa Mexico na Guatemala pamoja na waziri mkuu wa Belize walikutana wakatangaza ushoroba mmoja wa nchi tatu.

Ukitaka kuona yote haya bila nauli fungua ramani ya setilaiti, tafuta Laguna del Tigre magharibi, utaona mabaka ya rangi ya udongo yanavyotafuna kijani kufuata barabara. Kisha sogea mashariki taratibu, kaskazini kidogo ya Tikal, kijani kinakuwa kizito bila kovu mpaka unakutana na kimstari kimoja kirefu cha majani chenye nyumba kandokando. Hicho ni kiwanja cha ndege cha Uaxactún, na msitu wote unaouona umekizunguka unavunwa.