Kuchoma kwa makusudi na kuwasha bila kujali: tofauti iko wapi?

Nyumba ikiteketea, majirani huuliza hasara ni kiasi gani. Hakimu naye atafika hapo, ila baadaye. Kwanza anataka kujua aliyewasha alikuwa anawaza nini, na kama kulikuwa na watu ndani.

Kosa zito zaidi ni kuchoma kwa makusudi: mtu anawasha moto, au anasababisha mlipuko, akitaka mali iharibike. Chuki si lazima. Zamani, kwa sheria za kimazoea za Uingereza, kosa hili lilihusu makazi ya mtu mwingine; ukichoma ya kwako, shauri lako. Bima ikaja kuvuruga hesabu hiyo, na siku hizi anayelipua ghala lake mwenyewe ili alipwe fidia hushtakiwa katika nchi nyingi. Sheria ya Uingereza ya 1971 kuhusu uharibifu wa mali inaruhusu hata kifungo cha maisha.

Kwenye kutojali ndiko wengi huchanganyikiwa. Hapa moto wenyewe unawashwa kwa kukusudia. Kisichokusudiwa ni madhara. Mtu anachoma takataka upepo ukivuma, anaona cheche zikirukia upande wa nyumba ya jirani, anajiambia hazitafika, anaendelea. Mwingine anachomelea vyuma kando ya mapipa ya petroli na harufu anaisikia. Hatari wameiona, wakaipuuza. Mwongozo wa sheria za jinai uliotolewa Marekani mwaka 1962, ambao majimbo kadhaa yaliuiga kwa namna yao, unaweka ukomo wa miaka 10 kwa anayechoma jengo la mwenzake kwa makusudi na miaka 5 kwa asiyejali. Na kwa huyu wa pili si lazima mtu aumie: kumweka mwenzako hatarini kunatosha.

Uzembe ni jambo jingine. Aliyesahau sufuria jikoni hakuipuuza hatari, kwa sababu hakuifikiria kabisa. Mara nyingi yeye hudaiwa fidia tu, ingawa uzembe uliokithiri, hasa mtu akifa, unaweza kumfikisha gerezani.

Mpaka kati ya asiyejali na mzembe uliwahi kuwatesa majaji wa Uingereza. Agosti 2000, watoto wawili, wa miaka 11 na 12, waliwasha magazeti nyuma ya duka, wakayatupa chini ya pipa la taka na kuondoka, wakiamini yatazimika yenyewe kwenye zege. Moto ukapanda hadi kwenye paa. Hasara ikawa kama pauni milioni 1. Walitiwa hatiani kwa kipimo kilichowekwa mwaka 1981: hatari ikiwa wazi kwa mtu mzima mwenye busara, mshtakiwa hawezi kujitetea kwamba hakuiwaza. Mwaka 2003 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa, lilikitupa kipimo hicho na kufuta hatia yao. Sasa huulizwa kama mshtakiwa mwenyewe aliiona hatari. Naona walichelewa, kumpima mtoto kwa macho ya mtu mzima hakukuwa haki hata siku ya kwanza.

Kuna pia hatia ya kukaa kimya. Mwanamume mmoja Uingereza alisinzia na sigara mkononi kwenye nyumba isiyo yake, akaamka akakuta godoro linafuka moshi. Hakulizima wala kuita mtu. Alihamia chumba cha pili, akalala tena. Mwaka 1983 majaji walithibitisha hatia yake ya kuchoma moto: kuwaka kwa godoro kulikuwa ajali, lakini kuliacha liwake hakukuwa ajali. Ule mwongozo wa Marekani nao unalitaja kosa hilo, kwa kiasi. Aliyewasha hatakiwi kujitosa kwenye ndimi za moto. Kama kuuzima kutahatarisha maisha yake, apige kelele au awaite zimamoto mapema.