Msimwombee Kwanza, Mpokeeni Madaftari

Wiki iliyopita imetokea tena. Ibada ya asubuhi ya walimu, saa 1:15, tumebanana ofisini, feni inazunguka kivivu, na mwenzetu wa Kemia akapewa nafasi ya kutaja hitaji lake. Akasema, "Mimi nimechoka tu, ndugu zangu." Basi. Hakusema anaacha kazi, wala hakusema ameacha imani. Kabla hajakaa, mtu akadakia: "Mwalimu, ongeza maombi." Wengine wakaitikia amina. Kijana wa watu akakaa, akafungua shajara yake, na hadi kengele inalia hakuinua macho.

Nina miaka 19 darasani, 8 kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa taaluma, na sentensi hiyo imenichosha kuliko kusahihisha. Tena msinielewe vibaya, mimi naomba. Naanzia kwenye daladala, na dereva akianza kutanua naongeza bidii. Ninachokataa ni hii imani kwamba mwalimu wa shule ya Kikristo akichoka, basi ndani yake kuna mahali maombi yamepungua.

Wanaopenda jibu hilo hunitajia Eliya, mtu wa maombi. Haya, tumlete Eliya, ila tusome sura mbili. Kwenye 1 Wafalme 18 yuko Karmeli. Anaomba, moto unashuka. Anaomba tena, mvua inanyesha baada ya ukame wa miaka. Halafu anapiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Kwangu mimi hiyo ni Novemba, wiki ya mitihani ya taifa. Sura ya 19 inafunguka, Yezebeli, mke wa Ahabu, anatuma ujumbe mmoja tu wa vitisho, na mtu yule yule anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anakaa chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Niambieni sasa, huyu alipungukiwa maombi? Si ametoka kuomba juzi!

Halafu tazameni anavyohudumiwa. Malaika hamfanyii semina. Anamgusa, anamwambia inuka, ule. Kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Hapo ndipo wahubiri wengi wanapopita mbio: amelala tena, na hakuna aliyemkemea. Malaika anarudi mara ya pili, inuka, ule, na safari hii anatoa sababu, kwamba safari ni kubwa mno kwake. Yaani kilichopimwa ni ukubwa wa safari. Imani yake haikuguswa kabisa. Swali la "unafanya nini hapa, Eliya?" anakuja kuulizwa mlimani Horebu, baada ya siku 40 za kutembea kwa nguvu za chakula kile. Na kati ya maagizo anayopewa huko ni kumtia mafuta Elisha awe nabii. Kwa lugha ya ofisini kwetu, ameongezewa mwalimu.

Tupige hesabu basi, maana ndilo somo langu. Mwenzetu ana mikondo mitatu ya Kidato cha Pili, wanafunzi 45 kila mkondo. Zoezi moja ni madaftari 135. Weka dakika 3 kwa daftari, na hizo ni dakika za mtu anayekimbia, unapata dakika 405. Saa 6 na dakika 45, kwa zoezi moja. Bado maandalio ya somo, bado azimio la kazi, bado zamu, bado kikao cha wazazi, bado mafunzo ya mtaala mpya ulioanza kuingia madarasani 2024. Bado kwaya. (Nani aliamua kwamba kila mwalimu kijana wa shule ya kanisa lazima aimbe besi?)

Musa naye alikuwa hivyo hivyo, Kutoka 18, anaamua mashauri ya watu toka asubuhi hata jioni. Mkwewe Yethro akamtazama siku moja tu akamwambia ufanyalo si jema, utajichosha wewe na watu hawa pia. Hayo maneno, "na watu hawa pia", natamani wakuu wa shule wayasome polepole.

Nayajua kwa gharama. Mwaka wangu wa nne kazini nilikuwa kwenye mfungo wa Januari, nimefika siku ya 12, nikifuatilia kila kipindi cha maombi. Nasahihisha saa 6 usiku, mezani kwenye kitambaa cha plastiki, umeme umekatika, tochi ya simu nimeiegemeza kwenye kikombe. Swali lilikuwa −3 × −4. Nikaanza kuweka vema kwenye −12. Daftari la kwanza, la pili, mkondo mzima. Wiki mbili baadaye binti mmoja akanifuata mlangoni, daftari mkononi, kidole kwenye wino wangu mwekundu: "Shikamoo mwalimu. Hapa uliniwekea vema, mbona kwenye jaribio umenikosesha?" Mfungo niliumaliza salama. Wale watoto 40 na kitu walikuwa wamejifunza hesabu ya uongo, na mwandiko ulioithibitisha ulikuwa wangu.

Kwa hiyo nikikutana na mwalimu aliyechoka, swali langu la kwanza ni madaftari yako mangapi. Kisha namwambia, usisahihishe kila kitu. Zoezi la maswali 10, chagua mawili yenye mtego, yale ambayo mtoto akikosea unajua kabisa kichwani mwake nini hakijakaa sawa. Hayo yasahihishe mwenyewe kwa watoto wote. Manane yaliyobaki wabadilishane madaftari, myafanye pamoja ubaoni. Dakika 1 kwa daftari, madaftari 135, ni saa 2 na robo. Wataibiana vema? Wataibiana, hasa marafiki. Ndiyo maana yale mawili hayaachi mkono wako. Mzazi akilalamika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwalimu hasahihishi, mlete kwangu. Wadhibiti ubora wakija, waonyeshe maswali uliyoyachagua na sababu zake.

Mengine nayasema haraka. Kula kabla ya saa 4, vitumbua viwili na chai si dhambi. Usibebe madaftari kwenda nayo nyumbani kama unaishi Mbagala na unapanda magari mawili. Yatarudi yamelowa au hayatarudi. Ijumaa jioni zima data.

Na wito. Hapo nakaa kidogo, maana neno hilo linaniudhi, na linaniudhi kwa sababu ni la kweli. Nimeitwa, sina shaka. Ila nimegundua wanaolitamka kwa sauti kubwa ni wale wanaoshika funguo za kabati la fedha. Shule moja niliyopitia, mshahara ulichelewa miezi miwili, tukaitiwa semina ya kuridhika. Kulikuwa na soda. Mtoa mada alisoma Timotheo wa kwanza sura ya 6, utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa. Sura ya 5, ukurasa huo huo kwenye Biblia yangu, hakuigusa. Huko Paulo anawataja wale wajitaabishao kwa kuhutubu na kufundisha, kisha anaweka hoja mbili: usimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka, na mtenda kazi astahili ujira wake. Kufundisha kumetajwa kwa jina lake! Kwa hiyo mwalimu kijana, kuulizia mshahara si kupungua kiroho. Na nenda kaangalie michango yako NSSF, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Ni asilimia 20 ya mshahara, mnachangia wewe na mwajiri, na makato kuonekana kwenye karatasi ya mshahara haina maana kwamba yamefika.

Nikiri na yanayonitia mashaka. Niliwahi kumpokea mwenzangu vipindi muhula mzima kwa huruma, kumbe muda huo alikuwa anafundisha tuisheni Tabata. Kumtofautisha mvivu na aliyechoka, kwa macho tu, mpaka leo sijaweza. Wote wawili wanasinzia kwenye kikao. Na zipo siku ambazo maombi peke yake yameniinua, bila mkate, bila Elisha, na hoja yangu yote hii haina pa kuziweka siku hizo.

Huyo wa Kemia nilimfuata saa 9 alasiri. Nikamwambia nipe mkondo mmoja, nipe na majibu, maana Kemia niliiacha Kidato cha Nne. Zoezi lilikuwa la kusawazisha milinganyo. Daftari la sita au la saba, mtoto ameona oksijeni hazilingani upande wa maji, akaongeza 2 ndogo chini ya O, mambo yakakaa sawa. H₂O imekuwa H₂O₂. Nikamsomea. Akacheka mpaka akavua miwani. "Dada, huyu ametengeneza dawa ya kuoshea vidonda!" Akalichukua lile daftari, akaandika pembeni kwa herufi ndogo, mstari mmoja, kwamba namba ya mbele inabadilika, ya chini haiguswi. Kisha akachora mshale mpaka kwenye kosa.

Tulipofunga la mwisho ilikuwa saa 10 na nusu. Akaziba kalamu yake, akasema, "Dada, sasa tuombe." Tukaomba, dakika moja hivi, kwa sababu wingu lilishatanda na magari ya Gongo la Mboto mvua ikianza huwa hayapandiki.