Tanga hadi Pangani kwa baiskeli ya mlimani: anza na maji, kisha upepo wa tairi

Ukitazama ramani, Tanga na Pangani zimetenganishwa na kilomita 50 hivi za pwani isiyo na mlima wowote wa maana, na mwenye miguu mizuri atasema hiyo ni safari ya nusu siku. Kwa barabara ya magari ni kweli, ingawa humo utagawana njia na malori. Njia za pembeni, yaani ufukweni, juu ya magenge (kingo za mwamba) ya matumbawe na ndani ya mashamba ya mkonge, zina hesabu nyingine kabisa. Watu wengi wanaokwama huko hawakwami kwa kuchoka. Wanakwama kwa sababu maji yamejaa kabla hawajafika, au kwa sababu tairi limechanika ubavuni na hawana cha kulishonea.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kalenda ya mwezi. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na siku hizo hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hiyo ni bahati ya mwendesha baiskeli: ukiingia ufukweni saa mbili na nusu, una saa tatu na kitu za mchanga mgumu kabla maji hayajaanza kukusukuma juu. Kila siku inayofuata muda huo unasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki ya maji mafu mambo hugeuka, maji hujaa asubuhi ile ile uliyotaka kupita, na hata yanapokupwa hayaendi mbali. Siku hizo usihangaike na ufukwe, pita bara.

Mchanga wenyewe usomwe kwa gurudumu la mbele. Ukiona alama za meno ya tairi zimekaa wazi, kila jino peke yake, endelea. Alama zikijaa maji papo hapo, umesogea mno upande wa bahari na utaanza kuzama. Zikiporomoka, umepanda mno kwenye mchanga mkavu. Penye mikoko usijaribu kabisa. Matope yake hushika mpaka ekseli, na mizizi ya mchu inayochomoza wima inatosha kutoboa tairi jipya.

Upepo wa baharini nao una majira yake. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na ukitoka Tanga kwenda Pangani utapambana nao njia nzima. Miezi hiyo mimi hushauri watu wapakie baiskeli kwenye basi la asubuhi hadi Pangani, kisha waendeshe kurudi Tanga. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, anzia Tanga. Masika, yaani Machi mpaka Mei, ni wakati mbaya kwa njia za bara: udongo mweusi wa mabondeni hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na kuvuta kwa nguvu huko ndiko kunakovunja kishikio cha dereila, kile kifaa cha nyuma cha kubadilishia gia.

Sasa mawe. Waendesha baiskeli wa kusini mwa Uingereza wana magenge yao ya chaki. Lile la Beachy Head linafika mita 162 juu ya bahari. Chaki ni jiwe laini, limetokana na magamba ya mwani wadogo wasioonekana kwa macho, na likilowa linateleza kama sabuni. Ndiyo maana ushauri mwingi unaoukuta mtandaoni kuhusu kuendesha kwenye magenge unasisitiza tairi laini na upepo mdogo ili lishike. Ukiuchukua ushauri huo kama ulivyo na kuuleta Tanga, utarudi unasukuma. Jabali letu ni matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu bahari iliposhuka. Ni gumu, limejaa vishimo vyenye kingo kali, na halitelezi sana isipokuwa pale chini lilikoota mwani. Kazi yake ni kukata.

Na linakata ubavu, si mgongo wa tairi. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea, ubavu unatoka nje na kukutana na kingo za jiwe. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 29 kwa 2.2 lenye tyubu, weka psi 28 mbele na 31 au 32 nyuma ukiwa juu ya matumbawe. Baiskeli za inchi 26 kwa 1.95, ambazo ndizo nyingi mitaani kwetu, zinahitaji psi 35 hadi 40. Anayetumia matairi yasiyo na tyubu anaweza kushuka hadi 24 mbele na 27 nyuma, mradi ametia mililita 100 hivi za dawa ya kuziba kwa kila tairi. Joto la pwani hukausha dawa hiyo haraka, kwa hiyo tikisa gurudumu kila baada ya miezi miwili. Usiposikia majimaji, ongeza. Ukifika kwenye mchanga mrefu shusha mpaka 20, lakini jaza tena kabla ya kurudi kwenye jiwe. Uvivu wa kutoa pampu hapo ndio unaoleta ile pancha ya matundu mawili sambamba, ambayo ni tyubu kubanwa kati ya jiwe na rimu.

Ubavu ukichanika zaidi ya milimita 5 dawa haitaziba, na tyubu mpya itatokeza nje kama kibofu na kupasuka. Unahitaji kipande cha kuzuia kwa ndani. Kipande cha tyubu kuukuu hakifai kwa sababu kinavutika. Kata tyubu ya dawa ya meno iliyokwisha, ioshe, na uibebe ikiwa bapa: ni ngumu, nyepesi, na inakaa. Ipake solusheni upande unaogusa tairi, weka tyubu, jaza mpaka psi 15, zungusha gurudumu uangalie kama pamevimba, ndipo umalizie kujaza. Kuanzia hapo endesha polepole.

Tahadhari moja ya magenge yenyewe. Hayana urefu wa kutisha, ni mita chache tu, kuanzia yale ya Raskazone mjini hadi yale ya upande wa Mkoma karibu na Pangani. Lakini bahari imeyala kwa chini, usawa wa maji kujaa, na sehemu ya juu imebaki inaning'inia kama dari. Ukiwa juu huoni lolote. Kaa mita 3 kutoka ukingoni hata kama kijia kinakaribia zaidi, na ukitaka kupiga picha, laza baiskeli chini kwanza.

Tongoni, chini ya kilomita 20 kutoka Tanga, ni mahali pazuri pa kupumzika na kukagua matairi. Msikiti na makaburi ya nguzo ya pale yamejengwa kwa mawe hayo hayo ya matumbawe. Baiskeli iache nje. Kuipitisha kati ya makaburi ni utovu wa adabu, na kuta zake haziwezi kuegemewa. Ukifika Kigombe uko ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, basi uliza taratibu zao kabla ya kushuka ufukweni, na usiendeshe juu ya mwamba ulio wazi maji yakikupwa. Una viumbe hai.

Mkonge una shida yake. Zao hili liliingizwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani; kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ilifika hai, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Leo njia za kati ya mistari ya mkonge ndizo tamu kuliko zote katika safari hii: nyekundu, zimenyooka, kavu wakati wa kiangazi. Omba ruhusa getini. Ncha ya kila jani ina mwiba mweusi wa sentimita 2 hivi, na njia iliyopitiwa na wakataji siku hiyo huwa na vipande vya ncha vilivyolala kwenye vumbi. Pita palipokanyagwa na trekta. Ukipata pancha humo, usibadilishe tyubu mpaka umepitisha kidole, polepole, ndani ya tairi lote. Mwiba hukatikia humo, kwa nje hauonekani, na utatoboa tyubu ya pili ndani ya dakika tano. Koleo dogo lenye mdomo mwembamba ndilo linaloung'oa; bisibisi inauzamisha tu.

Maji ya kunywa yasipungue lita 3 kwa mtu. Kati ya saa sita na saa tisa kaa kivulini unywe madafu.

Chumvi haisubiri kesho. Jioni ile ile mwagia baiskeli maji baridi yasiyo na chumvi, bila presha kubwa, maana presha husukuma mchanga ndani ya haabu na krenki. Kausha cheni kwa kitambaa, tia tone moja la oili kwenye kila rola, zungusha pedeli nyuma kwa dakika moja, kisha futa ya ziada yote. Oili inayobaki nje hukusanya mchanga na kugeuka msasa. Pima cheni kwa rula: inchi 12, yaani milimita 304.8, kutoka pini hadi pini ya 24 baada yake. Ikifika 306.4 badilisha, la sivyo itakula friwili ambayo bei yake ni mara kadhaa ya cheni. Mwisho, chomoa nguzo ya siti na uipake grisi. Alumini ikikaa ndani ya fremu ya chuma pamoja na chumvi huganda, na baada ya miezi kadhaa hata fundi mwenye jiriwa ataitoa kwa msumeno.