Mgonjwa wa dimensia hapati nafuu kwa kusahihishwa

Wengi huamini kwamba mgonjwa wa dimensia, yaani hali ya ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, akisema jambo lisilo kweli ni lazima arekebishwe papo hapo, tena kwa sauti ya juu, ili akili irudi. Hairudi kwa njia hiyo, na mgonjwa huumia bure.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria huchangia asilimia 60 hadi 70 ya visa vya dimensia, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya huharibika mapema. Bibi anayemuulizia mumewe akiambiwa "Babu alishafariki" huweza kuupokea msiba huo kama habari mpya. Maneno atayasahau, lakini huzuni hubaki naye. Kesho atauliza tena.

Muuguzi aliyefunzwa huketi mbele yake ili aonekane vizuri, humwita kwa jina alilozoea, kisha husema: "Umemkumbuka Babu, eeh? Hebu nisimulie habari zake." Huuliza swali moja tu, kwa sentensi fupi, na kusubiri jibu bila kuharakisha.

Ndugu hupuuza mno jambo hili: mgonjwa akianza ghafla kupiga kelele au kukataa kuoga, huo si ukaidi. Huenda ana maumivu, hajapata choo, au ana maambukizi ya njia ya mkojo, na hana namna ya kusema. Ndiyo maana muuguzi humtazama uso anapomgeuza kitandani, aone kama anaumia. Mabadiliko yaliyotokea ndani ya saa au siku chache yanahitaji hospitali siku hiyohiyo.