Tungsteni Haifi Bure: Dhana Potofu Kuhusu Elektrodi za TIG

Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzijoto 3,422 za Selsiasi, juu kuliko metali nyingine yoyote. Fundi akishaijua namba hiyo, ni rahisi aamini kwamba elektrodi ya TIG, yaani kijiti cha tungsteni kinachobeba arki (mwako wa umeme unaoyeyusha metali) kwenye uchomeleaji huo, haiwezi kudhurika, na kwamba ikiharibika basi ilikuwa feki. Feki zipo, sibishi. Lakini kuyeyuka ni jambo moja na kuliwa na hewa ni jingine. Tungsteni iliyoiva kwa joto hushikana na oksijeni ikiwa bado mbali sana na kiwango chake cha kuyeyuka, na oksidi inayozaliwa haishiki kama ngozi ya kinga. Joto likizidi, hupaa kama mvuke. Kwa hiyo argoni, gesi ya kinga inayotoka kwenye tochi, haipulizwi kwa ajili ya mshono peke yake. Inailinda pia ncha iliyo juu ya mshono, na hapo ndipo elektrodi nyingi huponzwa.

“Ncha ikiwa nyeusi, ongeza gesi.” Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila fundi. Kazi nyingi hutosheka na lita 6 hadi 12 kwa dakika, kulingana na ukubwa wa kikombe, yaani kipande cha mbele ya tochi kinachotoa gesi. Ukizidisha, gesi inaacha kutiririka kwa utulivu, inaanza kuzunguka na kuvuta hewa ya pembeni ndani ya kinga yake. Kabla ya kugusa vali, angalia kama kikombe kina ufa, kama kifuniko cha nyuma ya tochi kimekaza na mpira wake ni mzima, kama viungo vya bomba vinavuja, na kama kuna feni au mlango wazi unaopuliza upepo kwenye kazi. Angalia pia ncha imetokeza kiasi gani nje ya kikombe. Kwa kikombe cha kawaida isizidi upenyo wa mdomo wa kikombe hicho. Ukihitaji kufika pembe ya ndani zaidi, funga lenzi ya gesi, kifaa chenye wavu kinachotuliza mtiririko wake.

Kisha kuna wale wanaobana matumizi kwa kuzima gesi pale pale arki inapokatika. Elektrodi wakati huo bado inang'aa kwa joto. Kanuni inayotumika sana ni sekunde 1 ya gesi kwa kila ampea 10, na hata kwenye kazi ndogo mimi nisingeshuka chini ya sekunde 8. Tochi ibaki juu ya mshono mpaka gesi ikatike yenyewe, usiiinue ili kutazama kazi yako. Rangi ya ncha itakupa majibu: ikipoa ikiwa ya fedha inayong'aa, gesi imetosha, ikiwa ya buluu, zambarau au nyeusi, hewa imeifikia ikiwa bado moto. Argoni uliyookoa utailipa kwa kunoa tena na kwa arki inayokataa kuwaka.

Mtungi wa gesi ya MIG (uchomeleaji wa waya unaojilisha) yenye kaboni dioksidi hauwezi kusaidia hata “kwa leo tu”. Kaboni dioksidi hubeba oksijeni, na kwenye joto la arki ncha huharibika mara moja.

“Imegusa kidogo tu, itajisafisha.” Haijisafishi. Ncha ikigusa dimbwi la metali iliyoyeyuka au waya wa kujazia, metali hiyo hupanda juu yake na kuchanganyika nayo, na mchanganyiko huo huyeyuka kwa joto dogo kuliko tungsteni safi. Arki inaanza kuyumba na masizi yanatokea. Mbaya zaidi, vipande vya tungsteni vinaweza kubaki ndani ya mshono. Kwa macho huvioni, ila picha ya eksirei inavionyesha kama madoa meupe, kwa sababu tungsteni ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, zaidi ya mara mbili ya chuma. Simamisha kazi, ondoa sehemu yote iliyochafuka, noa upya. Usiivunje ovyo kwa koleo, maana hupasuka kwa urefu na ufa ukaendelea ndani usikouona. Dawa ya kudumu ni mkono ulioegemea kitu, na waya unaoingia karibu ubavuni mwa kazi badala ya kutoka juu. Kama mashine ina masafa ya juu (huwasha arki bila kugusa) au kuwasha kwa kugusa na kuinua, acha kuwasha kwa kukwaruza.

Ncha zinazoyeyuka na kuwa bonge mara nyingi hazina kosa la gesi. Kwenye DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu, elektrodi ikiwa upande hasi, takriban asilimia 70 ya joto huenda kwenye kazi. Ukigeuza nyaya, sehemu hiyo kubwa inarudi kwenye tungsteni. Njia hii ilipokuwa inaundwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940, tatizo lilikuwa hilo hilo: elektrodi ya upande chanya ilipata joto kupita kiasi na kudondosha tungsteni kwenye mshono. Unene nao una kikomo. Kwa DC hasi, ya milimita 1.6 inafaa hadi karibu ampea 150, ya 2.4 hadi karibu 250.

Na alumini? Bado kuna wanaosisitiza elektrodi yenye rangi ya kijani kichwani, yaani tungsteni tupu, ncha yake ikiwa imefanywa duara. Ushauri huo ulizifaa mashine za zamani za transfoma. Kwenye inveta, yaani mashine za kisasa za kielektroniki, elektrodi yenye lanthanamu asilimia 1.5 au 2, iliyonolewa, hufanya kazi vizuri zaidi kwa AC, umeme unaopishana kati ya chanya na hasi. Bonge likivimba kuliko unene wa elektrodi, ampea zimezidi au upande chanya umepewa muda mrefu mno.

Kunoa nako kuna imani zake. Mistari ya jiwe ifuate urefu wa elektrodi. Ikizunguka, arki hutangatanga. Jiwe liwe la tungsteni peke yake, kwani lililosaga chuma na alumini huipaka ncha uchafu kabla hujaanza. Urefu wa mchongoko mara 2 hadi 2.5 ya unene unatosha. Sindano kali kabisa inapendeza kutazama, lakini kilele chake hukatika na kuangukia dimbwini, kwa hiyo kifanye bapa kidogo.

Elektrodi nyekundu, yenye thoriamu, haina ubora usiopatikana kwingine, na thoriamu ni nururifu. Ukiishika tu hatari ni ndogo. Hatari ni kuvuta vumbi lake wakati wa kunoa. Ya lanthanamu, ya dhahabu au buluu, inachukua nafasi yake kwenye chuma na kwenye alumini. Ukishazichanganya kwenye kopo moja, noa upande usio na rangi ili usije ukasaga ya thoriamu bila kujua.