Usuli wa Viongozi katika Mitandao ya Utafiti ya Huduma ya Afya ya Msingi

Mtandao wa utafiti wa huduma ya afya ya msingi ni muungano wa zahanati na kliniki za kawaida, zile anazozifikia mgonjwa kwanza kabla ya kupewa rufaa, zilizokubaliana kuchunguza kwa pamoja maswali yanayotokana na kazi zao za kila siku. Usuli wa viongozi wa mtandao kama huo ni mafunzo, kazi na maisha waliyopitia kabla ya kushika uongozi: kama waliwahi kutibu wagonjwa na kwa muda gani, kama walisomea takwimu au afya ya jamii, kama walitokea chuo kikuu au kliniki ya mji mdogo. Wengi huyachukulia haya kuwa habari za wasifu tu. Kwa maoni yangu, ndiyo yanayoamua maswali gani yataulizwa na yapi yatapita bila kuonekana na mtu.

Mwaka 1961 daktari na mtafiti wa huduma za afya, Kerr White, na wenzake walikadiria kwamba, katika kila watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja 750 hupata maradhi au majeraha, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na mmoja tu hufikishwa katika hospitali ya chuo kikuu. Utafiti mwingi wa tiba ulikuwa ukifanyika huko anakofikishwa huyo mmoja. Kiongozi aliyekulia kitaaluma katika wodi za rufaa anaweza kuwa bingwa wa mbinu za utafiti, na bado asijue maumivu ya kichwa au mimba inayotishia kutoka huonekanaje siku ya kwanza, kabla ugonjwa haujajipambanua.

Ndiyo sababu mtandao uliofungua njia nchini Marekani, ambao makao yake yalikuwa Denver na ambao ulianza kukusanya takwimu mapema katika miaka ya 1980, uliongozwa na daktari wa familia, Larry Green. Madaktari wake walitumia kadi ndogo ya kila wiki: kila alipoingia mgonjwa mwenye tatizo linalochunguzwa, daktari aliweka alama, na wiki ilipokwisha kadi ikatumwa kwa posta. Chombo chepesi namna hiyo hubuniwa na mtu anayejua kwamba daktari mwenye foleni mlangoni hana nafasi ya kujaza fomu ya kurasa nyingi. Utafiti wao kuhusu mimba zilizoharibika ulionyesha kwamba wanawake wengi walihudumiwa bila kusafishwa kizazi, ilhali mafundisho ya hospitali ya wakati huo yalielekea upande mwingine.

Hata hivyo, si lazima usuli wa kitabibu uwe wa daktari. Marcia Herman-Giddens alikuwa msaidizi wa daktari, kada ya watoa huduma wanaotibu chini ya usimamizi wa daktari, na baadaye akasomea afya ya umma hadi shahada ya uzamivu. Akiwa kazini aliona wasichana wadogo wakianza kuota matiti mapema kuliko vitabu vilivyosema. Aliuchukua mshangao huo akaupeleka katika mtandao wa kliniki za watoto ulioanzishwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 1986, na mwaka 1997 yakachapishwa matokeo ya wasichana 17,077. Kwa mtazamo wangu, mfano huu unafundisha kuliko maelezo marefu, kwa sababu jicho la kliniki lilizaa swali, elimu ya afya ya umma ikalipa umbo linalopimika, na mtandao ukaleta idadi ambayo kliniki moja isingeweza kuifikia.

Tangu mwaka 2000, serikali kuu ya Marekani ilipoanza kutenga ruzuku kwa ajili ya mitandao hii, uzito wa usuli wa kitaaluma umeongezeka, kwa kuwa kuandika maombi ya fedha, kupitia kamati ya maadili na kuchambua takwimu ni kazi zinazohitaji mtu aliyezisomea. Hilo halina ubaya wowote. Tatizo huanza pale usuli huo unaposimama peke yake, kliniki zikageuzwa kuwa mahali pa kuchotea takwimu za maswali yaliyotungwa kwingine, na watoa huduma wakaacha kujibu barua. Mratibu wa mtandao, ambaye mara nyingi ni muuguzi au mtu aliyewahi kuendesha ofisi ya kliniki, ndiye huliona tatizo hilo mapema, na inasikitisha kwamba usuli wake ni nadra kutajwa uongozi unapoelezwa.

Upo pia usuli wa kuishi mahali. Mtandao wa nyanda za mashariki mwa Colorado una baraza la ushauri lenye wakulima, wafugaji na walimu. Wajumbe hao walipofanya kazi na watafiti kuhusu saratani ya utumbo mpana, waliyachukua maelekezo ya kitaalamu kuhusu uchunguzi wa mapema wakayaandika upya kwa maneno ambayo jirani zao wangeyasikiliza, na wakashiriki kuamua yafikishwe vipi katika jamii. Hakuna daktari wala mtakwimu katika mtandao huo ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo badala yao.