Je, waziri ndiye aliyetawala?

Wengi wanaamini kwamba Uingereza ya miaka ya 1530 iliendeshwa na Thomas Cromwell, waziri wa Henry wa Nane, yule mfalme wa ukoo wa Tudor aliyeoa wake sita, mfalme mwenyewe akibaki kugonga mhuri tu. Si ajabu: nyaraka nyingi za serikali za wakati ule zilipita mezani kwa waziri huyo.

Lakini tazama tarehe. Aprili 1540 mfalme alimpandisha Cromwell kuwa lodi wa ngazi ya juu. Juni 10 waziri huyo alikamatwa akiwa kwenye kikao cha baraza. Julai 28 akakatwa kichwa, bila kesi kusikilizwa, na siku hiyohiyo mfalme akaoa mke wa tano. Kutoka kifungoni Cromwell alikuwa amemwandikia mfalme akiomba “rehema, rehema, rehema”. Mwenye dola haombi hivyo.

Hata nyumba za watawa hakuzifunga kwa amri yake peke yake. Sheria ya 1536, iliyolenga zenye pato la chini ya pauni 200 kwa mwaka, ilipitishwa bungeni.

Ukitaka kuhakiki, maandishi ya sheria hiyo yamo mtandaoni. Soma utangulizi wake uone ni kwa jina la nani amri inatolewa.